Kuiona miezi minne ya Mshtarii ukiwa uani kwako: mwongozo kwa anayeanza, Nyanda za Juu Kusini

Swali la kwanza huwa la bei: "Mwalimu, darubini ya shilingi ngapi itanionyesha miezi ya Jupita?" La pili huja wiki mbili baadaye, mtu akishanunua: "Mbona naona nyota moja tu, tena inacheza?" La tatu ndilo linalonifurahisha, kwa sababu anayeliuliza ameshafika: "Jana nilihesabu minne, leo mitatu. Mmoja umekwenda wapi?" Nimeyajibu maswali haya kwenye geti la shule, msibani, na ndani ya daladala za Uyole, na kila mara nashuka nikakumbuka kitu nilichosahau kukisema. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Nitangulize jambo ambalo watu huchelewa kuliamini. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii (ndiyo Jupita hiyohiyo ya vitabu vya shule) haitaki chombo kikubwa. Darubini ya macho mawili, kama ile wanayoning'iniza shingoni waongoza watalii wa Ruaha, inatosha kabisa. Kinachotuangusha ni mikono isiyotulia na subira fupi: mtu anachungulia usiku mmoja, hapati alichotarajia, darubini inaishia juu ya kabati. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika na mambo mawili tu, kukituliza chombo na kurudi kesho yake.

ONYO LA KWANZA. Usielekeze darubini kwenye Jua hata mara moja, hata likiwa jekundu linazama nyuma ya mlima. Lenzi hukusanya miale na kuitupa ndani ya jicho, na jicho lililoungua hivyo halirudi. Anza baada ya Jua kuzama kabisa. Ukitazama alfajiri, acha kabla halijachomoza. Watoto wakiwa nyumbani, darubini isilale mezani mchana.

VYA KUANDAA

Darubini ya macho mawili. Utaona namba mbili zimeandikwa karibu na lenzi, kwa mfano 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kazi hii tafuta 7x50, 8x42 au 10x50. Zile zinazojinadi kukuza mara 60 au 100, huku zikiingia mfukoni, ziache dukani. Kadiri unavyokuza picha ndivyo unavyokuza na mtetemo wa mkono, na lenzi ndogo haina mwanga wa kuilisha picha kubwa.

Ukinunua ya mtumba, na zipo nzuri sana, ifanyie majaribio manne palepale. Itikise karibu na sikio: isilie ndani. Ielekeze kwenye mwanga wa mchana, mbali na Jua, uchungulie kupitia lenzi za mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu umeota ndani, na huku kwetu kwenye unyevu hautapungua. Zungusha gurudumu la katikati kutoka mwanzo hadi mwisho: lisikwame wala lisilegee. Mwisho, tazama kitu cha mbali chenye ncha, antena au kona ya paa, kwa macho yote mawili kwa dakika nzima. Picha ikigawanyika kuwa mbili, au kichwa kikianza kuuma juu ya nyusi, mabomba mawili hayaelekei sehemu moja. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa. Nilinunua darubini ya bomba moja katika duka fulani mjini, boksi limeandikwa inakuza mara 525, ina miguu mitatu myembamba kama ya kware. Kila nikiigusa, picha ilicheza kwa sekunde nyingi kabla ya kutulia. Miezi minne hii niliiona kwa mara ya kwanza miezi ya kalenda kadhaa baadaye, kwa darubini ya 8x42 ya kuazima, nikiwa nimeegemea nguzo ya baraza.

Kitu cha kuegemea. Ukuta wa kimo cha kifua na mfuko wa kilo mbili wa mchele au mchanga, au kiti cha plastiki chenye mikono na fagio la mpini mrefu. Nitaeleza kwenye hatua ya nne.

Daftari na penseli. Kalamu ya wino huwa nzito kuandika kwenye baridi ya Juni, penseli haigomi.

Tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Kipande cha kanga nyekundu kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira kinafaa. Mwanga mweupe wa simu unaua uwezo wa jicho wa kuona gizani, na huchukua dakika 20 au zaidi kurudi.

Nguo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Makete na Njombe ni juu zaidi. Asubuhi za Juni na Julai kule nyasi huamka na barafu. Mzula, koti, soksi mbili, na blanketi la kujifunika magoti. Anayetetemeka hawezi kutuliza darubini.

Majirani. Hili wengi hulidharau. Mtu anayesimama gizani na kitu cheusi usoni, kimeelekea juu ya mapaa ya watu, lazima aulizwe. Mwambie balozi wako mapema, na jirani mnayepakana naye mkaribishe achungulie. Usiku wa kwanza nilipomkaribisha mama wa nyumba ya pili, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza bila kutoa macho kwenye lenzi: "Sasa hivyo vidogo ni watoto wake?" Tangu hapo yeye ndiye hunigongea mlango mawingu yakifunguka.

Safari ya Kitulo haimo kwenye orodha hii. Giza la Kitulo ni zuri kwa mambo mengine, lakini miezi hii ina mwanga wa kutosha. Kama Mshtarii isingekuwa pembeni kuifunika kwa ukali wake, macho matupu yangeiona penye giza. Utaiona ukiwa Mwanjelwa, utaiona ukiwa Iringa mjini, mradi taa ya barabarani isikupige usoni moja kwa moja. Mwezi wetu ukiwa mpevu nao hauharibu kitu.

LINI

Maelezo mengi ya kigeni yatakuambia utazame wakati Dunia yetu iko katikati ya Jua na Mshtarii, maana ndipo huwa karibu na hukesha angani usiku kucha. Ni kweli, lakini mwaka 2026 hilo lilikuwa Januari, na mwaka 2027 ni Februari, na sisi wa huku tunajua anga la Januari na Februari linavyokuwa. Kwa hiyo fuata msimu wetu. Subiri mvua zikatike, kuanzia Mei, na uitafute jioni upande wa magharibi na kaskazini-magharibi. Mwaka 2026 dirisha hilo la jioni linafungwa mwanzoni mwa Julai, kisha sayari inazama kwenye mwanga wa Jua, na kuanzia Septemba unaipata mashariki kabla ya mapambazuko.

Kila baada ya siku 399 mzunguko huu hujirudia, yaani kila mwaka mambo yote husogea mbele kwa zaidi kidogo ya mwezi mmoja wa kalenda. Mwaka 2027, basi, jioni nzuri zinafika hadi Julai. Mwaka 2029 siku ya ukaribu itaangukia Aprili, na 2030 itaangukia Mei, anga letu likiwa limeoshwa na mvua na limekauka. Mimi naisubiri 2030 kama mkulima anavyosubiri mvua za kwanza.

Tahadhari mbili za mahali. Kuanzia Agosti hadi Oktoba watu huchoma mashamba na nyika, na moshi hulala chini kwenye upeo. Tazama sayari ikiwa bado juu, usingoje ishuke. Na kama unakaa chini ya safu ya Loleza, kumbuka mlima uko kaskazini yako na utaimeza Mshtarii ya Mei na Juni mapema kuliko kwa mtu wa Uyole. Wa Tukuyu msikate tamaa kwa mawingu ya jioni, sayari ikihamia alfajiri amkeni saa kumi mjaribu tena.

HATUA KWA HATUA

1. Itoe darubini nje dakika 20 kabla.

Iache barazani ikiwa imefunikwa vifuniko vyake. Ukiitoa kwenye joto la sebule na kuitumia papo hapo, hewa ya moto iliyobaki ndani itaichezesha picha na utadhani darubini ni mbovu. Muda huohuo zima taa za nje, na macho yako nayo yazoee giza. Usikae karibu na jiko la mkaa. Najua baridi ya Mbeya inavyomvuta mtu kwenye jiko, lakini hewa ya moto inayopanda hufanya picha ichemke kama uji. Paa la bati lililopigwa na Jua mchana kutwa hufanya hivyohivyo saa za mwanzo, basi usiitazame sayari ikiwa juu kidogo tu ya bati la jirani.

2. Itafute Mshtarii kwa macho matupu.

Kufikia saa moja na nusu usiku giza limetosha. Tafuta "nyota" angavu ya rangi ya maziwa, isiyopepesa. Nyota za kweli hupepesa, hasa zikiwa chini, sayari humulika kwa utulivu. Wanaoanza huichanganya zaidi na Zuhura, ambayo ni angavu kuliko Mshtarii. Kipimo ni hiki: Zuhura haiendi mbali na Jua, kwa hiyo huioni usiku wa manane. Ukiona kitu angavu kama hicho juu ya kichwa saa sita usiku, si Zuhura. Mirihi ina wekundu. Kama una simu yenye programu ya anga, Stellarium ni mojawapo na ipo ya bure, ielekeze huko ikuthibitishie jina, kisha izime.

3. Rekebisha lenzi, jicho moja kwa wakati.

Hatua hii watu huiruka, na nusu ya malalamiko hutokea hapa. Elekeza darubini kwenye nyota yoyote angavu. Funika bomba la kulia kwa kiganja, tazama kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi nyota iwe nukta ndogo kuliko zote. Sasa funika la kushoto, tazama kwa la kulia, na uzungushe ile pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia peke yake. Usiguse tena gurudumu. Ukimaliza, fungua yote mawili. Ikiwa nyota bado ina miiba au mkia, rudia. Sayari isiyorekebishwa vizuri huwa tope la mwanga, na miezi hupotelea ndani ya tope hilo.

4. Itulize.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mikono mitupu haitoshi, hata ya fundi saa. Njia tatu zinazofanya kazi huku kwetu:

Ukuta na mfuko wa mchele. Sayari ikiwa magharibi, imeshuka hadi nusu ya anga, weka mfuko juu ya ukuta, ubonyeze katikati uwe na kitanda, laza darubini hapo. Usiishike kwa nguvu. Weka vidole juu yake kwa uzito wa mkono tu.

Kiti na fagio. Sayari ikiwa juu, kaa kwenye kiti cha plastiki, egemeza mgongo, simamisha fagio kati ya mapaja, nywele zake zikiwa juu. Laza darubini juu ya hizo nywele. Viwiko vibane mbavuni. Nywele za fagio hunyonya mtetemo vizuri kuliko kichwa cha mbao, nimejaribu vyote.

Kulala chali. Jamvi, mto chini ya kichwa, lenzi za macho zikikaa kwenye mifupa ya nyusi. Hii ni ya saa sita usiku, sayari ikiwa karibu na utosi.

Kisha pumua kama unavyopumua ukilenga tundu la sindano: toa pumzi nusu, isimamishe, tazama sekunde tano, pumua tena. Pumzi yako isielekee kwenye lenzi, kwenye baridi itaganda hapo.

5. Tazama pembeni mwa sayari, si sayari yenyewe.

Mshtarii itaonekana kama kiduara kidogo cheupe. Usiitumbulie macho. Peleka umakini kwenye giza la pande zake mbili na usubiri, dakika moja, mbili. Nukta ndogo zitajitokeza, zimepangwa katika mstari mmoja na sayari kama shanga kwenye uzi.

Hapa kuna jambo ambalo picha za vitabu hazitakuandaa. Vitabu vingi vimechorwa na watu wa kaskazini ya mbali, na humo mstari wa miezi umelala ubavu. Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi 8 au 9 kusini yake, na sayari hupanda na kushuka karibu wima. Kwa hiyo jioni, Mshtarii ikiwa magharibi, mstari unasimama kama ngazi iliyoegemea kidogo. Tafuta juu na chini ya sayari. Kijana mmoja wa kidato cha pili alitafuta kulia na kushoto usiku mzima, akaniambia hakuna kitu ila "vumbi mbili kwenye lenzi, moja juu, moja chini." Vumbi hizo mbili zilikuwa Ganimedi na Kalisto, miwili kati ya miezi yetu minne.

Usiku wa kwanza tegemea miwili au mitatu. Minne ikijipanga vizuri ni zawadi.

6. Chora, hapohapo.

Piga duara dogo katikati ya mstari, andika tarehe na saa, weka alama ya "juu" na "chini", kisha weka nukta mahali ulipoona nukta. Kadiria umbali kwa kutumia upana wa sayari kama kipimo: huu uko mapana matatu, ule kumi na mbili. Hutapata sawasawa, na haidhuru. Usichore kesho asubuhi kwa kukumbuka. Na usifungue programu ya simu kwanza ili ikuonyeshe miezi ilipo, maana jicho hutii linachoambiwa. Chora, ndipo uhakiki.

7. Rudi kesho, saa ileile.

Nakuomba hili kuliko mengine yote. Usiku mmoja una nukta tu. Usiku wa pili nukta zimehama, na hapo ndipo mtu huvuta pumzi. Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia, alianza hivihivi: tarehe 7 Januari 1610, akiwa Padua, aliona nyota ndogo tatu kando ya Mshtarii. Akarudi siku iliyofuata akazikuta zimepangwa upya. Kufikia tarehe 13 alikuwa ameona ya nne, na amekwishaelewa kwamba si nyota za mbali nyuma ya sayari, zinaizunguka. Darubini yake ilikuza mara 20 hivi, lakini lenzi zake zilikuwa duni kuliko hizo ulizoshika.

8. Taja majina.

Kwa mwendo wao, si kwa sura, maana wote ni nukta. Io huzunguka kwa siku 1.8, yaani saa 42 na nusu. Europa siku 3.6. Ganimedi siku 7.2. Kalisto siku 16.7. Na kila mmoja una mwisho wa kamba yake, ukihesabu kutoka katikati ya sayari kwa kipimo cha upana wake: Io mapana 3, Europa karibu 5, Ganimedi 7 na nusu, Kalisto 13. Kutokana na hapo unapata kanuni rahisi. Nukta iliyo mbali zaidi ya mapana 8 ni Kalisto, haiwezi kuwa nyingine. Iliyo kati ya 5 na 8 ni Ganimedi au Kalisto. Zilizo ndani ya 5 zinahitaji usiku wa pili.

Chukua mfano. Jumatatu umechora nukta moja juu, mapana 12, na tatu chini: karibu 1 na nusu, 2 na nusu, na karibu 5. Jumanne ziko tatu tu, zote juu: 13, karibu 4, na 1 na nusu. Jumatano zote nne juu: 12, 7 na kitu, 4, na moja imeng'ang'ania sayari huioni vizuri. Soma hivi. Ya 12-13-12 haikusogea karibu kabisa: ni Kalisto, imefika mwisho wa kamba na inageuka. Ya Jumatano kwenye 7 ni Ganimedi, maana Kalisto tumeshaiona. Ukirudi nyuma siku moja inapaswa kuwa imetoka karibu zaidi, na kweli Jumanne ilikuwa 4, Jumatatu 2 na nusu upande wa pili. Ya 5 chini, kisha 1 na nusu juu, kisha 4 juu, ni Europa. Iliyobaki, ambayo Jumanne hukuiona kabisa, ni Io: ilikuwa mbele ya sayari au nyuma yake. Siku tatu, penseli moja, na umetenganisha walimwengu wanne.

Nasema walimwengu kwa maana yake kamili. Ganimedi ina kipenyo cha kilomita 5,268, imeizidi sayari Utaridi. Io ina volkano zinazolipuka hadi leo, chombo cha angani Voyager 1 kilizipiga picha mwaka 1979. Na Europa, ile iliyojificha kwenye 1 na nusu, ina ganda la barafu, na wataalamu wanaamini chini yake kuna bahari ya maji ya chumvi. Chombo Europa Clipper kiliondoka duniani Oktoba 2024 kwenda kuichunguza, na kinatarajiwa kufika 2030. Mtoto unayemwonyesha nukta hiyo leo ataisikia habari yake akiwa bado shuleni.

UKIWA NA DARUBINI YA BOMBA

Kama una ya lenzi ya milimita 70 au zaidi, na miguu yake ni mizito, anza na lenzi ya macho inayokuza kidogo, ndiyo ile iliyoandikwa namba kubwa, 20 au 25. Ukifika hapo utaweza kukaa saa mbili na kuiona Io ikisogea karibu upana mzima wa sayari mbele ya macho yako. Kumbuka darubini nyingi za bomba hupindua picha, andika daftarini ipi ni juu.

Zohali, ile sayari yenye pete, ni kazi ya Septemba hadi Desemba kwa miaka hii ya karibuni. Mwezi wake mkubwa, Titani, unaonekana kwa milimita 70: nukta moja hafifu ambayo, ikiwa mbali zaidi, hukaa umbali wa mara nne hivi ya upana wa pete. Christiaan Huygens aliigundua mwaka 1655. Inazunguka kwa siku 16, kwa hiyo ichore kila baada ya siku mbili. Hapa ndipo giza la Makete au Kitulo linasaidia kweli. Zohali ina miezi 274 iliyotambuliwa kufikia Machi 2025, na sisi wa uani tutaridhika na mmoja, kwa lenzi pana pengine miwili au mitatu. Miezi ya Uranusi na Neptuni iache, inataka vioo vikubwa mno.

IKIKATAA

Naona nukta moja tu ya kijani au zambarau inayohama nikitikisa kichwa. Huo ni mng'ao wa ndani ya lenzi. Mwezi wa kweli hukaa palepale ukilinganisha na sayari. Isogeze sayari kwenye kona ya picha: mng'ao utakimbilia upande wa pili, mwezi utafuatana na sayari yake.

Naona nukta, lakini haiko kwenye mstari. Yamkini ni nyota ya nyuma. Ichore hata hivyo. Kesho Mshtarii itakuwa imeiacha nyuma, miezi haiachwi.

Ni mitatu, au miwili. Hakuna kilichoharibika. Mmoja uko mbele ya sayari, au nyuma yake, au umeingia kwenye kivuli chake. Rudi baada ya saa mbili au tatu.

Sayari ina miale pande zote kama taa ya pikipiki kwenye mvua. Futa lenzi kwanza, kwa kitambaa laini cha miwani, baada ya kupuliza vumbi. Usitumie upindo wa shati wala mate. Miale ikibaki, na inageuka ukiinamisha kichwa, basi ni jicho lako, vaa miwani yako unapotazama na ukunje raba za lenzi za macho.

Naona picha mbili. Sogeza mabomba karibu au mbali hadi maduara mawili yawe moja. Ikishindikana, darubini imeanguka wakati fulani na mabomba yameachana. Tumia upande mmoja kwa sasa, miezi itaonekana.

Kila kitu kinachemka. Ni hewa. Subiri saa moja, au sogea mbali na bati na moshi wa jikoni. Usiku wenye upepo mkali wa milimani acha, nenda kalale.

Lenzi zimelowa umande. Usizifute. Zigeuze chini, ziache chumbani bila vifuniko, hewa ipite, hadi asubuhi. Kifuniko na mkoba hurudi lenzi zikiwa kavu kabisa, vinginevyo ule utando wa buibui niliousema utaanza kuota kabla ya msimu ujao.